Diodi ya Schottky Katika Mfumo Wako wa Sola: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua na Kabla ya Kutengeneza

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Simiyu, fedha za mauzo ya pamba ndizo hununua vitu vikubwa vya nyumbani: bati, baiskeli, na siku hizi paneli ya sola pamoja na betri yake. Mkulima wa Itilima au Meatu hufika mjini Bariadi akiwa na mapato ya msimu mzima, akanunua paneli, akaifunga juu ya paa, na nyumba ikapata mwanga. Baada ya miezi kadhaa taa huanza kufifia mapema usiku. Anaambiwa kuwa betri imechoka. Ananunua betri nyingine, na tatizo linabaki palepale.

Si kila mara betri ndiyo yenye kosa. Wakati mwingine kosa limo katika kifaa chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kilichofichwa ndani ya kisanduku cheusi nyuma ya paneli. Kifaa hicho huitwa diodi, na aina yake inayotumika zaidi hapo ni diodi ya Schottky. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya paneli au ya betri, lakini ikiharibika, au ikibadilishwa kwa nyingine isiyofaa, mfumo mzima unaweza kushindwa kufanya kazi. Tumeandaa makala haya ili mtumiaji wa kawaida aelewe kazi ya kifaa hiki, ajue maswali ya kumwuliza muuzaji na fundi, na asinunue betri mpya kabla hajajua ugonjwa uko wapi.

Diodi ni nini?

Diodi ni kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Mfano ulio karibu nasi ni vali ya baiskeli. Unapopiga pampu, hewa huingia ndani ya mpira; unapoondoa pampu, hewa hairudi nje. Diodi hufanya hivyohivyo kwa umeme.

Vali ya baiskeli, hata hivyo, haifunguki yenyewe. Ni lazima hewa isukume kwa nguvu kidogo. Diodi nayo hudai nguvu kidogo kabla ya kufunguka, na nguvu hiyo hupimwa kwa volti. Diodi ya kawaida, iliyotengenezwa kwa silikoni pekee, hudai takriban volti 0.7, na mkondo ukiwa mkubwa inaweza kufikia volti 0.9 au zaidi. Volti hizo hazifiki kwenye betri wala kwenye simu. Hugeuka kuwa joto ndani ya diodi yenyewe.

Diodi ya Schottky hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo zaidi. Ndani yake, metali imeunganishwa moja kwa moja na silikoni. Mwanafizikia Karl Ferdinand Braun aligundua mwaka 1874 kwamba mahali ambapo metali inagusana na aina fulani za fuwele, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mwaka 1938, Walter Schottky, mwanafizikia wa Ujerumani aliyezaliwa Uswisi, alieleza sababu ya jambo hilo, na ndiyo maana diodi hii inaitwa kwa jina lake. Diodi ya Schottky hudai volti 0.2 hadi 0.5 tu. Zaidi ya hayo, hufunguka na kufunga kwa kasi kubwa sana, jambo lenye umuhimu katika chaja za simu, kama tutakavyoeleza.

Inafanya kazi gani nyumbani kwako?

Kazi ya kwanza iko nyuma ya paneli. Paneli nyingi zinazouzwa kwa mifumo ya volti 12 zina seli 36 zilizounganishwa kwa mfuatano, kila seli ikitoa takriban nusu volti. Kwa kuwa umeme hupita seli moja baada ya nyingine, seli moja ikifunikwa na kivuli huwa kama jiwe katikati ya mfereji. Umeme wa seli nyingine hulazimishwa kupita katika seli hiyo, nayo hupata joto kali. Matokeo yake ni doa la kahawia, seli kuungua, na hata kioo kupasuka. Ili kuzuia madhara hayo, watengenezaji huweka diodi mbili za Schottky katika kisanduku cha nyuma, kila moja ikilinda seli 18. Kivuli kinapotokea, diodi hufungua njia ya pembeni na umeme ukapita bila kuiunguza seli iliyofunikwa.

Tunapenda mtumiaji aelewe mpaka wa kazi hiyo. Diodi huilinda paneli, lakini haiwezi kukurudishia umeme uliopotezwa na kivuli. Nusu ya paneli ikikaa kivulini, volti zinazobaki hazitoshi kujaza betri ya volti 12. Kwa hiyo tawi la mwembe, kinyesi cha ndege, vumbi la kiangazi au mahindi yaliyoanikwa karibu na paneli ni mambo ya kuondolewa mapema. Diodi isiwe kisingizio cha kuacha paneli ichafuke.

Kazi ya pili iko kati ya paneli na betri. Mchana umeme hutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Usiku paneli haizalishi kitu, na pasipo kizuizi betri huanza kurudisha umeme kwenye paneli kidogo kidogo hadi alfajiri. Katika mfumo wenye kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, kizuizi hicho kimo ndani ya kontrola yenyewe. Katika mfumo mdogo usio na kontrola, diodi ya Schottky huwekwa kwenye waya wa chanya. Hata hivyo, hatushauri kuunganisha paneli na betri bila kontrola, kwani diodi huzuia umeme kurudi usiku lakini haizuii betri kujazwa kupita kiasi mchana.

Kazi ya tatu imo ndani ya chaja ya simu. Chaja hutoa volti 5. Ikiwa sehemu yake ya mwisho ina diodi ya kawaida inayodai volti 0.8, chaja italazimika kuzalisha volti 5.8 ili simu ipate 5. Karibu sehemu moja kati ya saba ya umeme hupotea hapo. Diodi ya Schottky inayodai volti 0.4 hupunguza hasara hiyo hadi takriban sehemu moja kati ya kumi na nne. Aidha, umeme ndani ya chaja za kisasa huwashwa na kuzimwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Diodi ya kawaida iliyo nzito kufunga haimudu kasi hiyo na huunguzwa na joto. Mtu anayeendesha kibanda cha kuchajia simu mnadani, akitegemea paneli moja na betri moja, huona tofauti hiyo katika idadi ya simu zinazojaa kabla betri haijaisha.

Namba kubwa si lazima iwe bora

Hapa ndipo watumiaji wengi hupoteza fedha. Diodi ya kawaida inayopatikana karibu katika kila duka la vipuri vya redio ni ile yenye maandishi 1N4007. Inavumilia volti 1,000. Diodi ya Schottky yenye maandishi 1N5819 inavumilia volti 40 tu. Mtu akiyatazama maandishi hayo bila maelezo, atadhani ya kwanza ni imara zaidi na kwamba kuiweka nyuma ya paneli ni kuiboresha paneli.

Ukweli ni tofauti. Volti hizo zinaonyesha kiasi cha umeme wa kurudi nyuma ambacho diodi inaweza kukizuia. Diodi iliyo nyuma ya paneli ya seli 36 hulinda seli 18, ambazo kwa pamoja hutoa takriban volti 10 hivi. Uwezo wa kuzuia volti 40 unatosha na kubaki. Kinachohitajika zaidi hapo ni uwezo wa kupitisha mkondo, unaopimwa kwa ampea. Paneli ya wati 100 inaweza kutoa takriban ampea 6, ilhali 1N4007 imetengenezwa kwa ampea 1. Ikiwekwa hapo, itaungua siku ya kwanza ambayo kivuli kitaangukia paneli.

Hata diodi ya kawaida yenye ampea za kutosha huleta tatizo la joto. Ampea 6 zikipita katika diodi inayodai volti 0.9, wati 5.4 hugeuka joto ndani ya kisanduku cha plastiki kilichofungwa. Diodi ya Schottky inayodai volti 0.45 hutoa nusu ya joto hilo. Paneli iliyofungwa juu ya bati katika jua la Simiyu inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi hata kabla diodi haijaongeza joto lake. Ndiyo maana nusu hiyo ina uzito.

Kila kifaa kina mahali pake, na haki inatutaka tuseme pia udhaifu wa diodi ya Schottky. Kwanza, nyingi zinavumilia volti 20 hadi 100 tu. Umeme wa gridi wa volti 230 hufikia kilele cha takriban volti 325 katika kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mlango wa kuingilia umeme wa chaja au redio, diodi ya kawaida kama 1N4007 ndiyo sahihi, na ya Schottky ya aina hii itapasuka papo hapo. Pili, diodi ya Schottky huvujisha umeme mwingi zaidi kwa nyuma kuliko diodi ya kawaida, na uvujaji huo huongezeka joto linapopanda. Kwa sababu hiyo, kipuri kiwe na ampea zinazozidi zile za paneli kwa kiasi cha kutosha, ili kisifanye kazi kikiwa kimefika mwisho wa uwezo wake.

Maandishi yafuatayo yatakusaidia kutambua kipuri unachouziwa:

1N5819: Schottky, ampea 1, volti 40. Inafaa kwa paneli ndogo sana na vifaa vidogo.
1N5822: Schottky, ampea 3, volti 40.
SR560: Schottky, ampea 5, volti 60.
10SQ045: Schottky, ampea 10, volti 45. Hutumika nyuma ya paneli za ukubwa wa kati.
15SQ045: Schottky, ampea 15, volti 45.
1N4007: diodi ya kawaida, ampea 1, volti 1,000. Haifai nyuma ya paneli.

Jinsi ya kuchunguza kabla ya kununua betri mpya

Ikiwa taa zinafifia mapema, anza kwa kuisafisha paneli na kuondoa kivuli chochote. Kisha fundi, au wewe mwenyewe ukiwa na multimita, apime volti za paneli wakati wa jua la mchana, waya zake zikiwa zimetolewa kwenye kontrola. Paneli nzima ya seli 36 huonyesha takriban volti 20 hadi 22. Ikionyesha karibu nusu ya kiasi hicho, yaani volti 10 hivi, ilhali ni safi na haina kivuli, kuna uwezekano mkubwa kwamba diodi moja imeungua na kuwa njia ya wazi muda wote. Nusu ya paneli inafanya kazi na nusu nyingine imefungwa. Kununua betri katika hali hiyo ni kupoteza fedha, kwa kuwa hakuna betri ya volti 12 itakayojaa kwa volti 10.

Diodi yenyewe hupimwa kwa sehemu ya multimita yenye alama ya diodi, paneli ikiwa imefunikwa kwa nguo nzito na mguu mmoja wa diodi ukiwa umefunguliwa kutoka kwenye lehemu. Diodi nzima ya Schottky huonyesha takriban 0.15 hadi 0.3 upande mmoja, na upande wa pili haionyeshi njia. Ikionyesha 0.5 hadi 0.7, hiyo ni diodi ya kawaida, hata kama umeambiwa ni ya Schottky. Ikionyesha sifuri au karibu na sifuri pande zote mbili, imeungua. Isipoonyesha njia upande wowote, imekatika. Na hii ni hatari ya kimyakimya, kwa sababu paneli itaendelea kufanya kazi vizuri hadi siku kivuli kitakapoiunguza seli.

Diodi ina mstari mwembamba upande mmoja. Umeme hutokea upande wa mstari huo. Nyuma ya paneli, mstari hutazama upande wa chanya ya paneli. Kwenye waya wa chanya unaokwenda kwenye betri, mstari hutazama betri. Ikigeuzwa nyuma ya paneli, paneli haitatoa umeme wa maana. Ikigeuzwa kwenye waya, betri haitajaa kabisa.

Yanayoiharibu mara nyingi

Kosa kubwa ni kuunganisha waya kinyume, chanya ya betri kwenye hasi ya paneli. Umeme mwingi wa betri hupita moja kwa moja katika diodi za nyuma na kuziunguza kwa muda mfupi sana. Kosa hili hutokea hasa mtu anapohamisha mfumo au kubadilisha betri usiku kwa mwanga wa tochi. Weka alama ya rangi kwenye waya, na usifanye kazi hiyo gizani.

Sababu ya pili ni radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, na diodi za Schottky huathirika kwa urahisi na mshtuko wa umeme hata radi isipopiga nyumba yenyewe. Baada ya radi kali iliyopiga karibu, pima volti za paneli. Usipande juu ya paa wakati wingu la mvua linakaribia.

Sababu ya tatu ni maji. Kifuniko cha kisanduku kisipofungwa vizuri baada ya matengenezo, maji ya mvua huingia na kuozesha viunganishi. Hakikisha fundi amekifunga kama alivyokikuta.

Dukani na kwa fundi: haki na wajibu wako

Kabla ya kulipa, omba kisanduku cha nyuma kifunguliwe pale ambapo kimetengenezwa kufunguliwa. Kisanduku kisicho na diodi, kwenye paneli kubwa, ni sababu ya kutosha ya kuuliza swali. Kisanduku kilichofungwa kwa gundi usikilazimishe, bali omba paneli ipimwe juani mbele yako. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye lebo na zile za multimita. Dai risiti inayotaja aina na wati za paneli, na dhamana iliyoandikwa. Dhamana ya mdomo huisha muuzaji anapohamia mnada mwingine.

Fundi anapobadilisha diodi, mwombe akuonyeshe maandishi ya kipuri kipya na akurudishie kile cha zamani. Mafundi wengi hutoa diodi za Schottky katika mashine za kompyuta zilizokufa, na hilo si kosa, kwa kuwa sehemu ya umeme ya kompyuta huwa nazo. Kinachotakiwa ni zipimwe kwanza, ampea zake zitoshe, na wewe uambiwe kwamba ni kipuri kilichotumika. Kama kipuri sahihi hakipo Bariadi, ni afadhali kusubiri kiagizwe Mwanza kuliko kuwekewa kisichofaa.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa. Paneli iliyoandikwa wati 100 na kutoa nusu yake, au kipuri cha kawaida kilichouzwa kwa jina la Schottky, ni mambo unayoweza kuyalalamikia. Anza kwa muuzaji, ukiwa na risiti na vipimo vilivyoandikwa pamoja na tarehe. Asiposikiliza, mwone afisa biashara wa halmashauri yako, au peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Suala likihusu ubora wa bidhaa kwa jumla, Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye dhamana ya viwango.

Mtumiaji naye ana wajibu. Aliyeunganisha waya kinyume na kuunguza diodi mwenyewe hawezi kudai paneli mpya kwa haki. Kwa hiyo tunza kumbukumbu: siku ya kununua, volti ulizopimiwa siku hiyo, na kila tengenezo lililofuata. Daftari la shule linatosha.

Tunarudia jambo moja kwa yule ambaye taa zake zimeanza kufifia na anafikiria kutoa fedha za pamba kununua betri. Subiri hadi mchana. Safisha paneli, toa waya kwenye kontrola, pima volti. Zikiwa 20 au zaidi, endelea kuchunguza kontrola na betri. Zikiwa 10, fungua kisanduku cha nyuma kwanza. Huenda fedha zako za betri zikabaki mfukoni.